Neno la Vita Halina Kabila

Wapenzi wa historia ya Ulaya wana hadithi moja wanayoipenda mno, na husimuliwa kwa ufundi hata msikilizaji akaona haya kuihoji. Warumi walikuwa na neno lao la vita, “bellum”. Dola yao ya magharibi ilipoporomoka katika karne ya 5, makabila ya Kijerumani yalivuka mto Rhine yakajaa Gaul, Hispania na Italia. Vizazi kadhaa baadaye wenyeji wa nchi hizo walikuwa wamelisahau “bellum”. Walisema “guerra”, kutokana na “werra” la Wafranki, na hadi leo Mwitalia, Mhispania na Mreno husema hivyo hivyo. Mfaransa husema “guerre”, naye Mwingereza, aliyelipokea kwa Wanormani, husema “war”. Hapo msimulizi hutua, kisha hutoa hukumu: anayewafundisha jirani zake neno la vita ndiye mwenye vita damuni. Mjerumani alizaliwa akipigana, na lugha za majirani ndizo mashahidi.

Hadithi hii ina ndugu zake. Mmoja anasema kwamba Kijerumani cha leo huviita vita “Krieg”, na kwamba kitenzi “kriegen” katika mazungumzo ya kila siku maana yake ni kupata. Basi kwa Mjerumani kupigana na kunyakua ni jambo moja. Mwingine anasema Waingereza wa kale walikuwa na maneno ya vita chungu nzima, ishara kwamba hawakuwaza kingine. Wa tatu, mpole zaidi, hudai tu kwamba anayetaka maana halisi ya neno achimbe mzizi wake. Wazo hilo lilivalishwa joho la usomi katika karne ya 19. Johann Gottlieb Fichte, katika mihadhara yake ya Berlin ya 1807 na 1808, aliwaambia Wajerumani kwamba lugha yao ingali hai hadi mizizini, ilhali lugha za majirani waliorithi Kilatini zimekufa mizizi. Wilhelm von Humboldt aliiona lugha kuwa roho yenyewe ya taifa. Huko Uingereza kasisi Richard Chenevix Trench alichapisha mwaka 1851 mihadhara yake kuhusu maneno, akiyachukulia kama visukuku vilivyohifadhi historia na maadili ya walioyatumia. Leo wazo halihitaji tena jina la mwanafalsafa. Waongoza watalii wanalo, wahariri wanalo, walimu wa historia wanalo.

Ni wazo bovu. Wala tatizo si kwamba limetiwa chumvi; karibu kila ushahidi wake, ukichunguzwa, unamgeukia aliyeuleta.

Ushahidi wa kwanza ndio dhaifu kuliko wote. “Werra” halikuwa neno la Wajerumani la vita. Katika Kijerumani chao cha kale vita viliitwa “wig”, “urliugi” au “strit”. “Werra” lilikuwa vurugu, mkanganyiko, ugomvi. Jamaa zake wamo bado katika Kijerumani cha leo: “verwirren” ni kumchanganya mtu akili, na “Wirren” ni machafuko. Wasemaji wa Kilatini hawakuazima neno la jirani la vita, kwa maana jirani mwenyewe hakulitumia hivyo. Waliokota neno la fujo wakalipa kazi mpya. Hati za Kilatini za karne ya 9 hulitaja kama neno la watu wa kawaida kwa magomvi na fitina. Nao Wajerumani, wanaodaiwa kuwa walimu wa somo hili, hawakulipandisha cheo hicho nyumbani kwao.

Neno lililosafiri upande wa pili nalo husahauliwa kwa urahisi wa ajabu. Kijerumani husema “Kampf” kwa pambano, na masikio mengi husikia humo ngurumo ya misitu ya kaskazini, hasa tangu Adolf Hitler alipoliweka kwenye jalada la kitabu chake mwaka 1925. Kumbe ni Kilatini. Limetokana na “campus”, uwanja, na uwanja mashuhuri kuliko yote ulikuwa ule wa mungu Mars nje ya kuta za Roma ya kale, ambako vijana walifanya mazoezi ya silaha. Makabila ya mpakani yalilichukua pamoja na mengine ya namna hiyo: “Pfeil”, mshale, limetoka kwenye “pilum”, mkuki wa kurusha wa askari wa Kirumi, “Wall”, boma la udongo, limetoka kwenye “vallum”. Kwa hesabu ya wale wanaoamini kwamba mkopeshaji wa neno ndiye mpenda vita, Warumi na Wajerumani wamekopeshana na madeni yamefutana. Carl von Clausewitz, jenerali wa Prussia ambaye kitabu chake kuhusu vita kilitoka 1832 baada ya kifo chake, alianza kwa kueleza kwamba vita ni “Zweikampf” iliyokuzwa, yaani pambano la watu wawili lililopanuliwa. Nusu ya neno hilo, tena ile nusu inayopigana, ni ya Roma.

“Campus” linastahili kufuatwa mbali zaidi, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili analo mdomoni kila siku. Uwanja ulizaa “campania”, nchi tambarare ya wazi. Hapo Mwitalia akapata “campagna” na Mfaransa “campagne”. Majeshi ya zamani yalijifungia mijini wakati wa baridi na kutoka uwandani majira ya joto, hivyo msimu wa kupigana ukaitwa kwa jina la uwanda. Waingereza wakauhamishia msimu huo kwenye siasa, na Kiswahili kikapokea “kampeni”. Mjerumani naye kampeni ya uchaguzi huiita “Wahlkampf”: mzizi ule ule, umepita njia nyingine. Jimbo la Champagne nchini Ufaransa ni uwanda huo huo, na mvinyo wake umefika kwenye harusi za Dar es Salaam na Nairobi ukiitwa shampeni. Wamarekani wa chuo cha Princeton katika karne ya 18 waliita kiwanja chao “campus”, na leo mwanafunzi wa Mlimani anarudi kampasi. Aliyeingia uwanjani kupigana kwa niaba ya mwingine mbele ya hakimu aliitwa “campio”, na huko ndiko lilikotoka jina la Championi, gazeti la michezo la Tanzania. Pambano, uchaguzi, mvinyo, chuo na kurasa za Simba na Yanga. Mwenye kudai kwamba mzizi ndio maana halisi ana kazi ya kueleza ni ipi kati ya hizo tano iliyo ya kweli.

Kilichotokea kwa “guerra” hueleweka vizuri zaidi mtu akiacha kupima damu na kuangalia desturi. Katika Ufaransa ya karne ya 11 na ya 12, “guerre” ilikuwa shughuli ya bwana mmoja dhidi ya bwana jirani: kuchoma mashamba, kuswaga ng'ombe, kuteka watu ili walipiwe fidia, kisha kurudi nyumbani na mwakani kuanza upya. Ilikuwa vurugu hasa, na neno la vurugu liliitosha. “Bataille” ilikuwa kitu kingine kabisa. Mwanahistoria Georges Duby, katika kitabu chake cha 1973 kuhusu Jumapili ya Bouvines, alionyesha kwamba pambano kamili la majeshi mawili uwandani lilikuwa nadra na la kuogopwa, kwa sababu lilihesabiwa kuwa hukumu ya Mungu. Mfalme aliweza kufanya “guerre” maisha yake yote akiikwepa “bataille”. Philippe Auguste alipoikubali pale Bouvines, tarehe 27 Julai 1214, alikuwa amekwisha kutawala zaidi ya miaka 30, na alijua kwamba siku hiyo moja ingeweza kumnyang'anya yote.

Na hilo neno “bataille”, lililobeba hofu kubwa namna hiyo, asili yake ni nini? Ni “battualia” ya Kilatini cha mwisho mwisho: mazoezi ya askari na ya wacheza upanga, kutoka kwenye kitenzi cha kugonga. Hukumu ya Mungu imerithi jina la mazoezi ya kuruta.

Kwa nini basi “bellum” lilikufa? Wataalamu wengi hutaja mgongano wake na “bellus”, neno la uzuri lililokuja kuwa “bello” kwa Mwitalia na “beau” kwa Mfaransa. Kusema “vita” na “zuri” kwa sauti moja kunachosha. Maelezo hayo yana mantiki, ingawa hayatoshi: “proelium” na “pugna”, maneno mengine ya Kilatini kwa mapigano, nayo yalitoweka midomoni mwa watu bila kugongana na uzuri wowote. Yalikuwa maneno ya shule na ya vitabu, na shule zilipofungwa hayakuwa na wa kuyasema. Ngumi, “pugnus”, haikuhitaji shule. Ipo hadi leo katika “pugno” la Kiitaliano na “poing” la Kifaransa.

Kisa cha “duel”, pambano la watu wawili, ni kitamu kupita vyote, kwa sababu humo wasomi wenyewe ndio waliodanganyika, na kosa lao likageuka kuwa kweli. Kilatini cha kale kabisa kilisema “duellum” pale ambapo Kilatini cha baadaye kilisema “bellum”. Sauti “du” mwanzoni mwa neno iligeuka “b”, kama “duis” lilivyokuwa “bis”, mara mbili, na “duenos” likawa “bonus”, -ema. Cicero alilijua jambo hilo vizuri. Analitaja katika Orator, kitabu chake cha mwaka 46 KK, pamoja na jina la Duellius, mshindi wa vita vya majini dhidi ya Karthago, ambalo watu waliligeuza Bellius. Kwa hiyo “duellum” lilikuwa vita tu, hata vya majeshi ya maelfu. Washairi waliendelea kulitumia kwa kupenda ukale.

Halafu akaja Isidore, askofu wa Sevilla aliyefariki mwaka 636, mtunzi wa ensaiklopidia ya asili za maneno iliyosomwa Ulaya kwa karne nyingi. Yeye akaeleza kwamba vita viliitwa “duellum” kwa kuwa wanaopigana ni pande mbili, “duo” ikiwa ni mbili. Aliongeza kwamba wengine husema “bellum” limeitwa hivyo kwa kinyume, kwa sababu halina uzuri wowote. Wasomi wa zama za kati waliotafuta neno la pambano la watu wawili walilikuta hili limekaa tayari, na namba mbili imo ndani. Wakalitwaa. Mtaguso wa Trento ulipoilaani desturi hiyo Desemba 1563, “duellum” halikuwa tena vita vya majeshi. Alexander Hamilton aliuawa katika “duel” mwaka 1804, na Alexander Pushkin mwaka 1837, na hakuna aliyeuliza majeshi yako wapi.

Hapa nadharia ya mzizi imebanwa kwenye kona. Ikishika asili ya kweli, italazimika kusema kwamba “duel” maana yake halisi ni vita vya mataifa. Ikishika namba mbili, imekiri kwamba kosa la askofu lina nguvu kuliko asili.

“Krieg” nalo lisiachwe. Katika Kijerumani cha zama za kati “kriec” lilikuwa jitihada, ukaidi, ubishi, hata mvutano wa kesi mahakamani. “Kriegen” kilikuwa kitenzi cha kujitahidi, na kutoka kujitahidi kikafika kwenye kupata, kama mtu anavyopata kazi au mafua. Waholanzi wana “krijgen” kwa maana hiyo hiyo, na bado hakuna anayewatungia Waholanzi falsafa ya unyakuzi. Waswisi wengi husema Kijerumani na vita huviita “Krieg” vile vile. Tangu 1815 hawajapigana na taifa la nje, na vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya Novemba 1847, “Sonderbundskrieg”, vilimalizika chini ya mwezi mmoja na kuua watu takriban 100. Waswidi walilipokea “krig” kutoka kwa wafanyabiashara na majirani wa Ujerumani ya kaskazini. Wakiwa na neno hilo walitisha Ulaya nzima chini ya Gustav II Adolf; wakiwa na neno hilo hilo hawajaingia vitani kama taifa tangu 1814.

Tena neno ambalo dunia huliona la Kijerumani kuliko yote, “Blitzkrieg”, lilipata umaarufu wake katika magazeti ya Kiingereza. Lilikuwa limeonekana kwenye majarida ya kijeshi ya Ujerumani miaka ya 1930, lakini halikuwa istilahi rasmi ya jeshi hilo. Jarida la Time la Marekani lililitumia kueleza uvamizi wa Poland Septemba 1939, likaenea kama moto wa nyika. Hitler mwenyewe, akihutubia Munich Novemba 1941, alilikana na kuliita neno la kipumbavu.

Watetezi wana hoja moja inayostahili kujibiwa kwa heshima. Maneno ya kuazima, wanasema, angalau huonyesha nani alikuwa hodari wa vita. Huonyesha nani alikutana na nani. Hilo halina ubishi. Lakini uhodari? Katika karne ya 16 Ulaya ilijaza msamiati wake wa kijeshi kwa Kiitaliano: “colonnello”, “caporale”, “cavalleria”, “fanteria”, “squadrone”, “battaglione”, “sentinella”, “cannone”. Henri Estienne, mchapishaji na msomi, alikasirika kiasi cha kutoa kitabu kizima mwaka 1578 akikikebehi Kifaransa kilichovalishwa Uitaliano, maneno ya jeshi yakiwemo. Sasa Italia ya wakati huo ilikuwa katika hali gani? Ilikuwa uwanja wa wengine kupigania. Kuanzia 1494 hadi 1559 wafalme wa Ufaransa na Hispania waliigombea, na mwaka 1527 askari wa Kaizari Karl V, wengi wao mamluki wa Kijerumani, waliipora Roma yenyewe huku Papa akijificha ngomeni. Nchi iliyokuwa ikipigwa ndiyo iliyokuwa ikitoa maneno ya kupigania.

Ilifanya hivyo kwa sababu wahandisi wake walijenga ngome bora, makamanda wake wa kukodi walifanya kazi kwa mkataba, na vitabu vyake vya ufundi vilisomwa kila mahali. Neno hufuata ufundi na mshahara. “Soldato” lenyewe, ambalo Mfaransa na Mjerumani wanalo kama “soldat”, chanzo chake ni “solidus”, sarafu ya dhahabu ya Kaizari Konstantino: askari ni mtu wa kulipwa.

Anayetaka kuona mwisho wa safari hiyo hana haja ya kwenda Italia; aangalie gwaride la Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Koplo ni “caporale”. Kanali ni “colonnello”, mkuu wa safu, aliyepitia Ufaransa kisha Uingereza, ambako cheo hicho huandikwa kwa herufi zilizofuata Kiitaliano na kutamkwa vingine kabisa. Kiswahili kikaandika kilichosikia, na kikafanya la busara. Brigedia ametoka kwenye “brigata”, kundi, ambalo chimbuko lake ni “briga”, ugomvi, na ukoo huo huo ndio uliowapa Wafaransa neno lao la majambazi. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba kambi ya Lugalo ina roho ya Milano.

Na wale Waingereza wa kale wenye maneno chungu nzima? Ni kweli walikuwa na “wig”, “guth”, “hild”, “beadu”, “heatho” na mengine zaidi. Swali ni wapi yanapatikana. Mengi yamo katika mashairi na katika majina ya watu, na sababu yake ni ya kiufundi. Ushairi wao haukuwa na vina vya mwisho; kila mstari ulifungwa kwa kurudia sauti za mwanzo wa maneno. Mtunzi wa Beowulf, mwenye mistari 3,182 ya kukamilisha, alihitaji neno la vita linaloanza kwa w, jingine la g, jingine la h, jingine la b, kutegemea maneno mengine yaliyokaa kwenye mstari. Mtu aliyekulia kwenye tenzi hahitaji kuelezwa mara mbili. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo mwaka 1728 kuhusu vita vya Waislamu na Herakali, mtawala wa Rumi ya mashariki, una mizani nane za kutunza katika kila kipande, na vina juu yake. Watunzi wa tenzi za vita walikuwa na kazi ya kuyapa maneno “vita”, “kondo” na “harubu”, kila neno kwa zamu yake. Wingi wa visawe ni kipimo cha bidii ya washairi.

Katika majina ya watu mambo huwa ya kuchekesha. “Hedwig” limeunganisha maneno mawili ya Kijerumani cha kale, na yote mawili ni vita. Kwa Kipolandi jina hilo ni Jadwiga. Jadwiga maarufu alitawazwa mjini Kraków mwaka 1384 akiwa bado mtoto, akaacha vito vyake vitumike kufufua chuo kikuu, na Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu mwaka 1997. Vita-Vita yuko kwenye kalenda ya watakatifu. Ludwig, jina la Beethoven, ni mwenye vita vya sifa. Gunhild nalo ni vita mara mbili, na hilo lilikuwa na bahati ya pekee: orodha ya silaha za ngome ya Windsor ya mwaka 1330 na 1331 inataja mtambo mkubwa wa kurushia ulioitwa Bibi Gunilda. Wanahistoria wa Kiingereza wanaamini kwamba “gun”, bunduki, limetokana na jina hilo la kike. Mtafuta mizizi atapiga makofi: tazama, bunduki ya Mwingereza ina vita mara mbili ndani yake! Askari wa Windsor hawakuwa wakifikiria hayo. Walikuwa na desturi ya kuipa mitambo mikubwa majina ya kibibi, basi. Waswahili nao walipouona mtambo wa baruti waliuita mzinga, kama ule wa nyuki, na hakuna mgeni aliyewahi kuandika kwamba watu wa pwani hupigana kwa asali.

Mifano ya mashariki mwa Ulaya inaweza kupitiwa haraka. Kiromania huviita vita “război”, neno la Kislavi ambalo kwa Mrusi ni unyang'anyi wa kutumia nguvu, kosa lenye kifungu chake katika sheria ya jinai. Wapo watakaofurahi kusema Waromania wamesema ukweli ambao wengine wanauficha. Wajihadhari, maana “război” hilo hilo kwa Kiromania ni mtambo wa kufumia nguo pia. Kialbania huviita vita “luftë”, kutoka neno la Kilatini la mieleka. Wapanda farasi wa Kihungaria walioitwa “huszár”, waliovaa vizuri kuliko askari wote wa Ulaya, jina lao lilipita kwa Waslavi wa kusini likiwa na maana ya mnyang'anyi.

Kama mzizi hauamui, nani anaamua? Mwenye madaraka, na sheria yake. Kuanzia 1954 hadi 1962 Ufaransa ilipeleka Algeria vijana wengi mno wa jeshi la lazima, na kwa lugha rasmi walikuwa wakifanya “shughuli za kudumisha utulivu”. Sheria ya tarehe 18 Oktoba 1999 ndiyo iliyoandika hatimaye “vita vya Algeria”. Uingereza ilipopambana na Mau Mau nchini Kenya kuanzia Oktoba 1952, iliyaita mapambano hayo “hali ya hatari” hadi ilipoiondoa Januari 1960. Harry Truman mwaka 1950 alikubali mapigano ya Korea yaitwe kazi ya polisi. Februari 2022, siku mbili baada ya majeshi ya Urusi kuingia Ukraine kwa wingi, mamlaka ya mawasiliano ya Moscow iliviamuru vyombo vya habari viache kutumia neno “voina”, vita, na mwezi uliofuata ikatungwa sheria ya kuwafunga wanaosambaza kile inachokiita uongo kuhusu jeshi. Wanasheria wa kimataifa waliijua hila hiyo mapema. Mikataba ya Geneva ya 1949 inasema itatumika katika vita vilivyotangazwa au katika mapambano mengine yoyote ya silaha kati ya nchi wanachama, hata kama upande mmoja haukubali kwamba kuna vita.

Hilo ndilo kosa kubwa la wachimba mizizi. Wakati wao wanakagua “werra” na “kriec” za miaka elfu iliyopita, jina la vita vya leo linapangwa ofisini, mchana kweupe, na mtu mwenye sababu zake.

Watu wa Tanzania wanalijua jambo hili kwa gharama. Abushiri bin Salim na watu wa pwani waliposimama dhidi ya kampuni ya Kijerumani mwaka 1888, Berlin ililiita tukio hilo “Araberaufstand”, uasi wa Waarabu, ijapokuwa waliopigana walikuwa watu wa kila namna. Bunge la Ujerumani mwanzoni mwa 1889 lilimpa Hermann Wissmann marki milioni 2 kwa sheria iliyotaja kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo. Miaka 16 baadaye Wamatumbi, Wangindo, Wangoni na wengineo walipopigana na Wajerumani katika Maji Maji kuanzia 1905 hadi 1907, jina lilikuwa lile lile: “Aufstand”. Mzizi wa neno hilo ni kusimama tu, kunyanyuka. Hauna ubaya wowote. Lakini ofisini Berlin na Dar es Salaam lilimaanisha kwamba aliye upande wa pili ni raia mkosefu, hivyo viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea mwanzoni mwa 1906 kama wahalifu, na kuchoma vyakula vya vijiji kukawa hatua ya kurejesha utulivu. Taarifa za Wajerumani wenyewe zilikiri vifo 75,000. Wanahistoria wamekadiria hadi 300,000, wengi kwa njaa.

Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea Novemba 2023 akaomba msamaha. Baadhi ya waandishi wa Kijerumani wa miaka ya karibuni sasa huandika “Maji-Maji-Krieg”, na wanafanya vizuri. Wachapishaji na makumbusho ambao bado wanaandika “Aufstand” wafuate. Nao wafasiri wanaoleta vitabu hivyo kwa Kiswahili wasirudishe “uasi” kwa mlango wa nyuma: waandike Vita vya Maji Maji, kama wenyewe wanavyosema.